Liwali wa Muheza Alivyolia Ukweni

Wenzangu, kuna watu wameanguka mbele ya wakwe, kuna waliochanikiwa suruali mbele ya wakwe, na wote hao nilikuwa nawacheka mpaka ilipofika zamu yangu, maana mimi nililia. Sisemi nililengwa na machozi kama mwanamume mwenye adabu zake, la, nililia kwa sauti, kamasi zikashuka, katikati ya sebule ya watu, mkononi nina kikombe cha kahawa, na sababu yenyewe nikiitaja mtasema huyu ana lake jambo: nililia kwa ajili ya kitendawili. Nausimulia mwenyewe kwa kuwa nimechoka kuusikia mkasa huu mtaani kwetu Mabawa umetiwa chumvi, eti nilizirai, eti nilipiga magoti. Sikuzirai. Magoti sikumbuki.

Mimi ni fundi friji, jina langu Hamza, kibanda changu kiko Mabawa hapo hapo, na chanzo cha aibu yangu ni jukwaa la mtandaoni. Ni jukwaa la watu wa Tanga, wengine tuko hapa, wengine Mombasa, wengine Uarabuni, na kila Alhamisi jioni tunategana vitendawili kwenye simu. Utaratibu mnaujua. Mtu anaandika Kitendawili, wengine tunaandika Tega, anatega, tukishindwa anadai mji, tunampa mji, naye anaandika safari yake ya uongo, nilikwenda Korogwe nikala nikanywa, watu wakaniuliza, nikawaambia jibu ni kitu fulani. Basi, imekwisha. Mji wenyewe kila mtu anausahau hapo hapo, kwa sababu nani aliwahi kuondoka na Korogwe?

Mzee Twaha ndiye aliyeondoka nayo.

Huyu Mzee Twaha alikuwa karani wa stoo kwenye shamba moja la mkonge, sasa ni mstaafu, anakaa Makorora chumba na ukumbi, mkewe alishatangulia mbele ya haki na watoto wako mbali. Ni mzee mrefu, kanzu yake haina kunyanzi hata moja (sijui anaikunja vipi), na Kiswahili anachokisema ni kile kwamba hata akikwambia umekanyaga mavi ya ng'ombe unajihisi umesifiwa. Binti yake aliyeko Dodoma ndiye aliyemwingiza jukwaani ili asipweke, na miezi ya mwanzo alikuwa anacheza kama sisi. Halafu siku moja akaleta tangazo, refu, unasukuma kwa kidole na bado halijaisha, kwamba mji uliotolewa umetolewa, kwamba si haki mtu kutoa mji ambao alishautoa wiki iliyopita, na kwa hiyo kuanzia sasa upo Mfumo Mkuu wa Miji. Kila mji una mwenyewe. Mwenye miji mingi lazima aweke maliwali. Na liwali, kila Ijumaa baada ya sala, lazima aeleze jukwaani hali ya mji wake, kama mvua imenyesha, unga unauzwaje, nani amefiwa, nani amejifungua. Mji ukikaa bila kuulizwa hali, Mzee Twaha anauchukua kuutunza.

Tukacheka, tena sana. Tatizo ni kwamba yule mzee hashindwi vitendawili, na haikuchukua muda miji yote kuanzia Horohoro mpaka Mtwara ikawa yake, ikawa mtu akishindwa hana mji wa kutoa, mchezo unakwama hapo hapo. Mama mmoja wa Mombasa kwa hasira akampa London. Mzee akamjibu kwa heshima zote kwamba London haijaingia kwenye Mfumo, awe na subira. Watu wakaanza kununa, na mwenye jukwaa akaniandikia pembeni kwamba jioni ile anamtoa, amechoka.

Sasa sikilizeni kosa langu lilivyokuwa dogo. Siku ile ile Mzee alikuwa amenitangaza mimi kuwa Liwali wa Muheza, bila kuniuliza, na chini ya tangazo lake watu wamejaza vicheko na vikatuni vya kunikejeli, na mimi badala ya kucheka nao nikaandika maneno mawili tu: Nimeupokea, Mzee. Nia yangu ilikuwa asiadhirike mbele za watu halafu atolewe juu yake. Mwenye jukwaa alipoona nimekubali akamwacha, akasema basi, huyo ni mzigo wako. Na kweli akawa wangu, maana kesho yake saa nne asubuhi nimelala chali chini ya friji ya mteja, naona ndara nzuri za ngozi zimesimama mlangoni na sauti inasema, "Hodi, Liwali."

Nikaanza kutoa taarifa za Ijumaa. Mwanzo nilikuwa natunga, nikasema Muheza mvua kubwa, watu wamefurahi, na Mzee akaja kibandani akiwa na huzuni akaniambia, "Mwanangu, Muheza juzi haikunyesha. Nimeuliza." Ikabidi kila Alhamisi niende kwa muuza machungwa wa jirani, ambaye mzigo wake unatoka kule, nimhoji habari za Muheza kama mtu aliyeficha mke huko. Akafa bibi mmoja wa kule ambaye sijawahi kumwona na nikajikuta nimesikitika. Mzee naye akazoea kuja kila alasiri, anakaa juu ya friji mbovu niliyoilaza pale nje, tunakunywa kahawa, na wateja wakauliza huyu ni baba yako, na mimi (baba yangu mwenyewe alifariki nikiwa bado nanyonya) nikaacha kukanusha.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivi na miji ambayo haijui kama ni yake. Akanieleza ile kambi ya mkonge alikofanya kazi, kwamba ilikuwa na msikiti, na kiwanja cha mpira, na dansi mwisho wa mwezi, halafu shamba likafungwa, watu wakapakia magodoro yao wakatawanyika, na tangu hapo hakuna aliyeuliza tena. Akasema alipita pale mwaka jana akamwomba kondakta amshushe, akalitaja jina la kambi, kondakta akamuuliza hapo ni wapi, mzee, mbona ni pori tu. Nikamjazia kahawa.

Sasa njoo kwa Zuwena. Zuwena ni binti wa Bwana Nassor, hawa watu wa asili ya Omani, wana duka la vifaa vya ujenzi mjini na mashamba ya minazi upande wa Pangani, na mimi nilikwenda kwao kutengeneza friji. Friji ile nilikwenda kuitengeneza mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa mbovu kweli, hizo tatu nyingine Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nabakisha kitu makusudi, na Zuwena alijua, maana mara ya nne alinifungulia mlango akasema, "Fundi, hii friji itapona lini, au wewe ndiye mgonjwa?" Tukaelewana. Lakini kulikuwa na kijana wa Muscat, ndugu yao wa mbali, ambaye alikwishatuma salamu, na Zuwena akaniambia kama ninakuja nije, baba yake ameshasema atamsikiliza yule wa Muscat mwezi ukiandama, na kabla ya hapo atakayetangulia na akaleta watu wa maana atasikilizwa kwanza. Ilikuwa imebaki wiki moja.

Kwetu mtu wa kupeleka posa ni mmoja, Ami Juma, ndugu wa marehemu baba, na Ami Juma wiki ile ile alikuwa ameng'olewa meno manne ya mbele anasubiri ya bandia. Akisema "salama" unatoka mluzi, panya wanakimbia. Anaweza kwenda, ndiyo, kama mzee wa ukoo, aketi na leso mdomoni, lakini kusema hawezi, na posa ni maneno. Nikazunguka kichwa chote nani ana maneno, nikapata jina moja. Mama yangu alikataa kabisa. "Hamza," akasema, "utampeleka kwa watu mzee mwenye ufalme kichwani?" Nikamwambia mama, ufalme atauacha nyumbani, nitaongea naye. Nikaongea naye. Nikamwambia Mzee wangu, nakuomba uniposee, na mambo ya Mfumo kule tusiyataje. Akanishika mkono, macho yamemlowa kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima." Nikaridhika. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba hakusema ndiyo wala hapana.

Tukaenda siku ya Jumamosi baada ya alasiri. Mposaji kwa kawaida anabaki nyumbani, lakini Mzee alikuwa haijui nyumba na Ami Juma hawezi kumwelekeza, kwa hiyo niliwafikisha mpaka mlangoni ili nirudi zangu, na Bwana Nassor mwenyewe akafungua, akasema ingieni wote, huyu atakaa nje kama mlinzi? Nikavua viatu nikaingia. Ila sharti nililijua: mwenye kuoa anakaa, anainama, hafungui mdomo, wakubwa ndio wanaosema. Tukaketi kwenye mazulia. Kahawa ikaja, halua ikaja. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia tuliambiwa yupo Bi Zayana, mama yake Bwana Nassor, mtu mzima sana, miguu haimbebi vizuri, tukamtolea shikamoo kupitia pazia na sauti nyembamba ikatuitikia marahaba.

Mzee Twaha akaanza, na jamani, alianza vizuri. Alimshukuru Mungu, akamswalia Mtume, akaishukuru nyumba, akaisifu kahawa bila kuzidisha, akasema hatukuja kuchukua mtoto wa watu, tumekuja kuomba tuwe watoto wa nyumba hii. Ami Juma akatikisa kichwa juu ya leso. Bwana Nassor akalegea kabisa, akasogeza sahani ya halua mbele yetu, akasema, "Nimekusikia, mzee wangu, na nimefurahi. Sasa huyu kijana ana shughuli gani?"

"Kijana ni fundi wa mafriji, anakula jasho lake," akasema Mzee Twaha. "Na tena ni Liwali wa Muheza."

Kikombe changu kikagonga sahani yake.

"Liwali wa nini?" akauliza Bwana Nassor.

"Wa Muheza."

"Ana shamba Muheza?"

"Shamba hapana, Bwana Nassor, nisikudanganye. Mji ndio wake."

"Mji wote?"

"Pamoja na stesheni ya reli. Ila upande wa Amani siwezi kukuahidi, kuna mama mmoja wa Mombasa bado tunabishana naye."

Ami Juma akanifinya paja, kwa kucha, mpaka leo nina alama. Mimi nilikuwa naliangalia zulia naona maua yake yanatembea. Bwana Nassor si mtu wa kelele, hakucheka, hakukasirika, alinigeukia mimi taratibu, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya, kwa sababu akaniuliza mimi mwenyewe. "Kijana," akasema, "unayasikia haya. Ni kweli?"

Nifanyeje, nyinyi wenzangu? Nikisema si kweli nimemwita mshenga wangu mwongo, au mwendawazimu, palepale mbele ya watu aliowavalia kanzu yake bora. Nikisema kweli, mwendawazimu ni mimi, na Zuwena yuko ndani mahali fulani anasikia, na yule wa Muscat ana duka lenye viyoyozi. Nikamtazama Mzee. Alikuwa ananitazama akiwa hana wasiwasi wowote, anangoja tu niseme lile analolijua kuwa ni la kweli. Basi nikafungua mdomo.

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Nimepewa."

"Umepewa na nani?"

"Na yeye."

Bwana Nassor akaifunika sahani ya halua. Taratibu kabisa, kwa kile kifuniko chake, na mtu yeyote wa pwani anajua halua ikifunikwa mbele yako maana yake ni nini. Akaanza, "Haya basi, wazee, tumewasikia, nasi tutakaa na wenzetu..." na mimi nikahisi Zuwena anapanda ndege kwenda Muscat pale pale.

Nyuma ya pazia ile sauti nyembamba ikasema, "Huo mji ulipatikana vipi?"

Bwana Nassor akasema, "Mama, pumzika."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mgeni."

Mzee Twaha akaligeukia pazia, akajiweka sawa. "Kwa kitendawili, Bi Mkubwa. Walishindwa, wakatoa."

Tukasikia mkongojo, na pazia likasogea, na akatokea bibi mdogo kabisa wa umbo, ushungi mweupe, anashikwa mkono na mtu ambaye hakutoka (niliuona mkono tu, una hina, nikaujua ni wa nani). Akakalishwa kwenye kiti. Akamtazama Mzee Twaha juu mpaka chini kama anayechagua samaki.

"Kitendawili," akasema.

"Mama!" akasema Bwana Nassor.

"Tega, Bi Mkubwa," akasema Mzee Twaha, na akasogea mbele kwenye zulia kama kijana.

"Kila mtu anampiga kichwani, na bado ndiye anayeishika nyumba."

"Msumari."

Bibi akatabasamu, akamwonyesha mwanawe, maana ndiyo biashara yake. Akatega kingine na kingine, Mzee akajibu vyote, yule bibi akizidi kuchangamka, shavu linapata damu, na Bwana Nassor akawa hajui aangalie wapi. Nadhani hakuna aliyemtegea yule mama kitu miaka mingi. Mwishowe akapiga mkongojo chini.

"Ndugu wawili, mama mmoja. Kifunguamimba ndiye mnene, na anakaa nje anangoja. Mdogo wake ni mwembamba, na ndiye anayetangulia kuingia nyumbani."

Mzee Twaha akaitazama dari. Akamtazama Ami Juma, na Ami Juma naye akaitazama dari. Mimi mawazo yangu yalikuwa yamekufa zamani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Mzee Twaha hana jibu, jukwaani wala nje, na kwa kweli nilimwonea huruma, mkono unapapasa kanzu.

"Nimeshindwa, Bi Mkubwa."

"Nipe mji."

"Chukua Korogwe."

"Siutaki, kuna joto."

"Lushoto."

"Na miguu hii?"

"Bagamoyo, basi."

"Bagamoyo namjua nani? Nipe huo Muheza."

"Muheza siwezi, Bi Mkubwa," akasema Mzee, na hapo sauti yake ilikuwa ya stoo, ya mtu aliyekaa na funguo za watu. "Huo nimeshampa kijana huyu. Siwezi kutoa kitu cha mtu hata kama mtu mwenyewe ameketi hapa."

Nikamwona Bwana Nassor ameinua kichwa.

"Basi nipe kwetu," akasema Bibi. "Nipe Ushongo. Nilizaliwa pale, nikaletwa hapa kuolewa, sijarudi tangu miguu iharibike."

Na sasa lazima niwaeleze jambo ambalo ni mimi tu nililijua pale ndani. Ushongo ndio mji wa kwanza kwenye ule Mfumo wake na hakuna aliyempa jukwaani. Marehemu mkewe, Mwanaidi, alikuwa mtu wa Ushongo, na kule kambini kwenye mkonge, jioni taa ya chemli imewashwa, walikuwa wanategana wao wawili, na Mwanaidi akishindwa alikuwa anampa Ushongo, kila siku, Ushongo, na Mzee akimuuliza kwa nini huo huo, anasema, mimi ninao huo tu. Miji yote Mzee aliigawia maliwali, na mingine aliwapa watu wasiojua hata kusoma saa, lakini Ushongo hakumpa mtu. Mimi niliwahi kumwomba kwa utani, akabadilisha mazungumzo, akaniuliza habari za kompresa.

Na sasa anaombwa na mtu ambaye mdomoni mwake ndimo ilimokuwa ndoa yangu. Nilitaka kusema Mzee, acha, usitoe, twende zetu. Wallahi nilitaka. Zuwena ninamtaka kuliko kitu chochote na bado nilitaka kusema acha. Lakini nilikwishafungua mdomo mara moja na mnajua ulivyotuletea balaa.

Mzee akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akailainisha. Kichwani alikuwa na mvi chache sana, sikuwahi kumwona bila kofia.

"Chukua Ushongo, Bi Mkubwa," akasema. "Ni mji mzuri. Umetunzwa."

Sijui yule bibi alisikia nini kwenye ile sauti. Hakuwa anajua habari ya Mwanaidi, hakuna aliyemwambia, lakini alimtazama Mzee kwa muda, uso wa mchezo ukamwondoka, kisha akaweka mikono miwili juu ya mkongojo akaanza safari yake, kama ilivyo desturi.

"Nilikwenda Ushongo," akasema. "Nikawakuta wote wazima, nazi zimeangushwa, watoto wako chuoni na juzuu zao. Wakanikaribisha, nikala wali, nikanywa maji ya dafu. Wakaniuliza, mwenye mji wetu yuko wapi, mbona hatumwoni? Nikawaambia yuko Tanga mjini, amevaa kanzu nzuri, yuko kwangu anakunywa kahawa, amekuja kumwombea mwanawe mke. Wakaniuliza, umempa? Nikawaambia nimempa. Na hao ndugu wawili ni tui zito na tui jepesi, mjinga wewe, huna mtu wa kukupikia?"

Hapo ndipo nilipolia.

Ilianza kama kikohozi, nikadhani nitakimeza na kahawa, kahawa ikarudi, na baada ya hapo nikawa natoa sauti ya kompresa inayokufa, ile ya kukwama na kuanza tena, mabega yote yanaruka. Kahawa kwenye zulia. Msichana wa kazi wa jirani akachungulia dirishani. Ami Juma akanitupia leso yake, na kwa vile alikuwa hana tena cha kujizibia akasema neno lake la kwanza na la mwisho katika posa ile, "Nyamatha, unatuaibitha," na Bi Zayana akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Mzee Twaha akanisogelea, akanipigapiga mgongoni, akaninong'oneza, "Liwali, watu wanakuona," na hilo likanimaliza kabisa.

Bwana Nassor akangoja kelele zipungue. "Mama," akasema, "mimi ndiye baba wa mtoto, na bado sijasema kitu."

"Na wewe mama yako ni nani?" akauliza Bi Zayana.

Bwana Nassor akasema Zuwena mwenyewe ataulizwa, kama sheria inavyotaka, na mahari itazungumzwa siku nyingine, na kwamba yeye Muheza hautaki, lakini mzee anayekataa kutoa mali ya mtu hata ya kitendawili, akisema kijana huyu ni mwema, yeye atamsikiliza. Kisha akaifunua sahani ya halua. Mimi sikuweza kula, pua ilikuwa imeziba.

Njiani Ami Juma alitangulia mbele, hataki kuonekana na sisi. Nikamwambia Mzee samahani, Ushongo umekwenda kwa ajili yangu. Akatembea kidogo. "Mwanaidi alikuwa akinigombeza," akasema. "Anasema Twaha, wewe ukipewa kitu hukitoi, utakufa umekumbatia makopo. Leo angecheka sana." Na yeye akacheka, akatoa kitambaa akajifuta, akasema ni vumbi, na siku ile hapakuwa na vumbi.

Kwa hiyo aibu yangu ndiyo hiyo, mmeipata kutoka kwa mwenyewe. Mabawa nzima wananiita Liwali, muuza machungwa ananitolea saluti, na watoto wa jirani wakimwona Ami Juma wanasema nyamatha. Nimejiapiza mambo mawili. Sitajibu tena kitu mtandaoni kwa kumhurumia mtu kabla sijajiuliza kama niko tayari kwenda naye mpaka ukweni. Na posa nyingine yoyote katika ukoo wetu, awe mdogo wangu, awe mtoto wangu, mimi nitabaki nje nalinda viatu.

Tulifungishwa ndoa asubuhi, na nilipoingizwa ndani kumpa Zuwena mkono, shangazi zake wakatuachia nafasi kidogo, akaniinamia sikioni. "Nikuulize," akasema. "Siku ile ulikuwa unalia kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Mzee Twaha?" Mwanamume mwenye akili angejua la kujibu. Mimi nikamwambia kwa ajili ya Mzee.

Akanitazama. Nikaona nimeharibu tena.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia, nilikuona vizuri sana. Ungesema kwa ajili yangu, ningejua umeanza kunidanganya hata pilau haijaiva."